Kaachishwa kazi, kajifungia ndani: tumtie moyo vipi kwa vitendo?

Bintimrima

Salaam wadau. Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, miaka 29, anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na mkewe na mtoto wa miaka miwili. Alikuwa kiwandani miaka minne na ushei, mkataba wa kudumu. Wiki tatu zilizopita kapewa barua, sababu iliyoandikwa ni kupunguza wafanyakazi. Tangu hapo usingizi unamjia saa nane za usiku na saa kumi alfajiri yuko macho. Chakula anadokoa. Kuoga mpaka asukumwe. Simu anaizima kutwa, maana ana mikopo mitatu ya mtandaoni na wameanza kupigia hadi wakwe zake. Pombe hanywi.

Watu wanakuja kumpa moyo: jikaze, wewe ni mwanaume, kila jambo na sababu yake, wenzio wamepitia makubwa kuliko hayo. Anajibu "nashukuru", wakitoka anarudi kitandani. Juzi kamwambia wifi yangu, "Nyie bila mimi mngekuwa na nafuu."

Nasafiri Jumamosi kutoka Tanga, nitakaa nao wiki mbili. Pole tumepokea za kutosha, naomba mnipe cha kufanya. Nianzie wapi? Hospitali ni lazima? Na wanaomdai tuwafanyeje?

Muuguzi_Akili

Dada, usingoje Jumamosi. Hilo neno la "mngekuwa na nafuu" linaulizwa leo, na wifi yako anaweza kuuliza. Wakae wawili, mtoto akiwa kwa jirani, amwambie hivi bila kuzunguka: "Ulisema tungekuwa na nafuu bila wewe. Je, unawaza kufa, au kujiua?" Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Hakumtii. Mwenye wazo hupata pa kulitua, asiye nalo atakwambia hana.

Akijibu ndiyo, maswali yanayofuata ni matatu: umeshafikiria utafanyaje, una kitu cha kufanyia, na umepanga lini. Akiwa na namna na kitu mkononi, huyo haachwi peke yake, hata chooni mlango usifungwe kwa ndani, na anapelekwa hospitali usiku huohuo, kitengo cha dharura. Msiseme tusubiri kliniki ya Jumatatu. Akisema anatamani tu asiamke, hana mpango wowote, bado ni la kupelekwa hospitali ndani ya siku moja mbili, ila mna nafasi ya kupanga. Kwa vyovyote vile, leo hii sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mboga na vidonge vyote vilivyomo ndani vihamishwe kwa mtu mwingine. Kuvificha kabatini hakutoshi. Wazo hili mara nyingi huja kwa kishindo na kupungua baada ya muda, na kitu kikiwa mbali muda huo unapita.

Msimwapize, msimlilie, msimwambie anamkosea Mungu. Maneno yanayofaa ni machache: "Nashukuru umeniambia. Sikuachi. Kesho tunakwenda wote."

Hospitali: ndiyo, ni lazima. Halali usiku, hali chakula, haogi, kajitenga, na imezidi wiki mbili. Wiki mbili ndizo tunazotumia kama kipimo. Kwa Mbagala, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke ni karibu, na hospitali za rufaa za mikoa huwa na kitengo cha afya ya akili. Ulizeni mapokezi siku za kliniki. Mkitaka maelezo kabla ya kwenda, namba 199 ya Wizara ya Afya haikati salio.

Atakachokutana nacho ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita (hamu ya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, chakula, kujilaumu, umakini, mwendo kuwa mzito au kutotulia, mawazo ya kufa). Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunaichukulia kuwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) inayohitaji kushughulikiwa, kuanzia 15 tunazungumzia dawa kwa uzito zaidi. Swali la tisa likipata hata alama 1, tunasimama hapo kwanza. Omba wapime pia damu, sukari na tezi ya shingo, na waulize dawa nyingine anazotumia. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea humfanya mtu awe hivyohivyo, na ushauri nasaha hauongezi damu.

Aende na wifi yako aliyeandika saa za kulala na kuamka kwa siku tano. Wanaume wengi wakifika mbele ya daktari husema "niko sawa, ni uchovu tu."

Kijana_wa_Keko

Mnakuza mambo. Mnunulieni vidonge vya usingizi duka la dawa, akilala siku tatu mfululizo kichwa kitakaa sawa.

Muuguzi_Akili

Hapana kaka, tena kwa huyu ndiyo kabisa. Diazepamu, hicho kidonge cha usingizi, haitibu sonona. Inamlaza, kisha baada ya wiki chache mwili unaidai na akiacha usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Na kumwekea pakiti ya vidonge ndani mtu aliyesema maneno yale ni kumpa kile nilichotoka kusema kihamishwe.

Dawa za sonona ni nyingine. Zinazopatikana kwa wingi kwetu ni fluoksetini, kwa kawaida miligramu 20 asubuhi, na amitriptilini ambayo hunywewa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Zote zinaandikwa na daktari. Zinachukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: kichefuchefu, kinywa kukauka au wasiwasi huja siku za kwanza, nafuu huja baadaye, mgonjwa anaona dawa inamdhuru, anaacha siku ya sita. Mwambieni mapema. Akipona anaendelea nayo miezi tisa hadi kumi na miwili kisha anapunguziwa taratibu. Amitriptilini ikizidishwa ni hatari kwa moyo, kwa hiyo ikiandikwa hiyo, ombeni ya wiki moja moja na ikae kwa wifi.

Kibarazani

Naongezea upande wa mazungumzo, maana swali la msingi la mleta mada ni namna ya kutia moyo, na hapo ndipo watu wema wanapoharibu.

Yale maneno aliyoambiwa yana kasoro moja: hayamwachii la kufanya. "Jikaze" haina hatua ya kwanza. "Wenzio wamepitia makubwa" inamwongezea aibu juu ya dhiki. Kwa mtu wa hali hii tumaini huja baada ya kuona jambo moja limesogea kwa mkono wake, hata kama ni dogo. Kazi yako dada ni kumsaidia alisogeze hilo jambo moja. Hotuba waachie wageni.

Njia hii imepimwa. Harare, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wao uliotoka 2016 ulikuwa na watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa benchi walikuwa kama asilimia 14, na kati ya waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao vitano vya dakika 90, kimoja kwa wiki, unaoendeshwa na watu wasio wataalamu baada ya mafunzo, na Nairobi ulijaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili. Wewe si mtaalamu na hutaendesha tiba, lakini mifupa yake unaweza kuitumia nyumbani.

Siku ya kwanza usifundishe kitu. Sikiliza. Kaa ubavuni mwake, usimkabili uso kwa uso, swali moja tu: "Kinachokuzidi ni nini?" Kisha nyamaza. Akinyamaza dakika mbili, na wewe nyamaza. Akimaliza, mrudishie kwa kifupi ulichosikia ili akurekebishe. Kosa la kawaida hapa ni kuruka kwenye suluhisho dakika ya tano ("nitaongea na fulani akupe kazi").

Siku ya pili chukua karatasi. Aseme, wewe uandike kila tatizo mstari wake, yote, hata madogo: kodi, mkopo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakwe wamejua, mtoto anakohoa, halali, anaona haya kupita mbele ya jirani aliyemtafutia kile kibarua. Mkifika mwisho, pitieni mkiweka alama. La kwanza, linaloweza kutatuliwa na hatua ya mtu. La pili, lisilotatulika sasa (kiwanda kufunga idara hakurudi nyuma). La tatu, lisilo muhimu kwa mwezi huu. Kichwani yalikuwa fungu moja zito lisilo na mwisho, kwenye karatasi huwa kumi na moja, na manne au matano ndiyo ya kushughulikiwa.

Achague moja. Achague yeye. Wewe utataka aanze na deni, yeye anaweza kutaka kuanza na usingizi, mwache. Andikeni njia zote za kulitatua bila kuzichuja, hata za kipuuzi, halafu ndiyo mchague. Njia iliyochaguliwa ivunjwe mpaka iwe hatua ya kufanywa kesho, yenye saa na mahali. "Kutafuta kazi" si hatua. "Kesho saa nne asubuhi kuandika majina matatu ya watu niliofanya nao kazi ambao sasa wako kwingine" ni hatua. Mwulize kwa kipimo cha 0 hadi 10 ana uhakika kiasi gani ataifanya. Akisema chini ya 7, ipunguzeni nusu: jina moja. Bado chini? Kutafuta kalamu na daftari tu. Usicheke. Hatua kubwa ikishindikana siku ya kwanza, anapata ushahidi mpya kwamba hawezi, na hapo mmerudi nyuma kuliko mlikoanza.

Sambamba na hilo, mrudisheni kwenye mwendo wa siku. Mtu aliyevunjika moyo husubiri hamu ije ndiyo afanye, kumbe hamu huja ikifuata kitendo. Vitu viwili kwa siku vinatosha wiki ya kwanza: kimoja cha wajibu, kimoja alichokuwa akikipenda. Kuoga kabla ya saa mbili asubuhi. Kwenda gengeni na mtoto kununua nyanya. Kama alikuwa mtu wa bao, michezo miwili na mtu mmoja asiyeuliza maswali, siyo baraza zima. Aandike alama ya hali yake, 0 hadi 10, kabla na baada. Ikitoka 2 ikawa 3 msishangilie kupita kiasi, andikeni tu. Siku ya sita akiangalia daftari ataona mwenyewe ni kipi kinamwinua na kipi hapana. Kama kutembea kunampandisha na kukaa kwenye simu kunamshusha, hahitaji kuhubiriwa.

Usingizi nao una kanuni zake. Kuamka saa ileile kila siku, hata kama kalala saa moja tu, hili ndilo la kwanza na ndilo gumu. Kitandani kulala tu, si kushinda. Akikaa macho kama dakika ishirini, atoke, akae kwenye kiti taa ikiwa hafifu, arudi usingizi ukimjia. Chai na kahawa mwisho saa nane mchana. Wasiwasi ukipanda, avute pumzi polepole kwa hesabu ya tatu, aitoe kwa hesabu ya tatu, tumbo ndilo linaloinuka, kifua kimetulia, dakika tano, mara mbili kwa siku. Afanye hata akiwa ametulia. Anayesubiri mpaka moyo uende mbio huvuta pumzi kubwa kubwa, kichwa kinazunguka, anasema njia haifai.

Mzee wa Mafao

Mmeongea vizuri ila kuna jambo lenye tarehe na mtaliacha lipite. Wiki tatu tangu barua. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Fomu ni CMA F1. Anaijaza, anasaini, nakala anampelekea mwajiri na kupata uthibitisho wa kupokelewa, kisha anaiwasilisha CMA pamoja na uthibitisho huo. Wengi wanakwama hapo, wanapeleka fomu CMA bila kumpa mwajiri. Ikipita siku 30 inabidi aombe kuongezewa muda kwa fomu CMA F2 na aeleze sababu ya kuchelewa. Cheti cha hospitali kinaweza kusaidia, lakini si cha kukitegemea. Ihesabuni tarehe iliyo kwenye barua leo hii.

Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake kisheria: taarifa kabla, majadiliano na wafanyakazi au chama chao, vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kama aliitwa asubuhi akapewa barua mchana, ana hoja ya kusikilizwa. Na hata utaratibu ukiwa umefuatwa, kuna malipo: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi kama hakupewa kuitumikia, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka minne ni siku 28. Adai na cheti cha utumishi. Asisaini karatasi ya "nimelipwa stahiki zangu zote" kabla ya kupiga hesabu hizo.

Pili, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kuna fao la kukosa ajira. Mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Asiye na taaluma ana utaratibu mwingine, na dawati la mafao litamwambia yuko kundi gani. Abebe barua ya kuachishwa, kitambulisho cha taifa na taarifa za benki. Aangalie michango yake kwanza: mwajiri aliyekata mshahara bila kupeleka michango si kitu kigeni.

Sasa kausha damu, yaani hiyo mikopo ya mtandaoni. Chora jedwali: nani anadai, alichopokea mkononi, alicholipa tayari, wanachodai sasa, ana leseni au hana. Leseni inaangaliwa kwenye orodha ya watoa huduma ndogo za fedha iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT). Novemba 2024 BoT ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, zitafuteni humo pia. Kupigia wakwe na kumdhalilisha mteja kumekatazwa na miongozo ya BoT ya mwaka huohuo, tena kuchota namba za watu kwenye simu ya mtu kunaigusa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Hifadhini picha za ujumbe na rekodi za simu zilizopigwa, lalamikieni BoT na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwenye simu yake ingieni mipangilio, programu, ruhusa, mzime anwani na picha kabla ya kuifuta programu ya mkopo. Kuzima ruhusa hakurudishi walichokwisha kuchukua, ila kunazuia cha kesho.

Wakwe wapelekewe ujumbe mmoja na wewe dada, siyo yeye: "Mtapigiwa na watu wa mikopo, tunalishughulikia, msijibu wala msilipe." Hapo umemwondolea aibu ambayo pengine ndiyo inayomweka kitandani. Na mkopo wa kulipia mkopo, marufuku. Aliyekopesha kihalali alipwe kwa makubaliano ya maandishi, kuanzia kwenye mtaji.

Bintimrima

Ahsanteni mno. Wifi kamwuliza jana usiku kama alivyoelekeza muuguzi. Amekiri anatamani asiamke, mpango hana. Kesho asubuhi wanakwenda Temeke, dawa za panya zimeshatoka. Barua ina siku 22.

Bado mawili. Imamu wa mtaa anataka kuja na watu kumsomea dua, nikubali? Na wifi mwenyewe kachoka, anauza maandazi tangu alfajiri halafu ndiye mlinzi usiku.

Kibarazani

Dua ikubali, umati ukatae. Mwombe imamu aje peke yake, asome kwa kifupi, na asimpe mawaidha ya subira kana kwamba huzuni ni upungufu wa imani. Halafu mwombe jambo la pili ambalo lina faida kubwa: ampitie kila siku kabla ya Alasiri waende msikitini pamoja kwa miguu. Amepata saa ya kutoka, jua, mwendo na mtu wa kando. Mweleze pia kwamba kuna dawa na kliniki, asije mtu akamwambia aache vidonge kwa sababu kasomewa.

Wifi agawiwe zamu. Ukifika, usiku ni wako siku tatu za mwanzo, yeye alale chumba kingine na mtoto. Tafuteni mtu wa tatu, ndugu au rafiki wa kiume mmoja, achukue saa fulani za mchana zinazojulikana. "Nitapita nikipata nafasi" haihesabiki.

Muuguzi_Akili

Vizuri sana mmeuliza. Kwa huyo wa kutamani asiamke, ulizeni tena kila baada ya siku mbili tatu, wazo hubadilika.

Utakapokuwa pale usitegemee kumwona anacheka. Kwa kawaida usingizi na chakula hurudi kwanza, kisha nguvu, na furaha huchelewa. Rudieni yale maswali tisa baada ya wiki mbili na muipeleke alama kliniki. Ikibaki palepale baada ya wiki nne hadi sita za dawa, daktari hubadili kipimo au dawa. Na muwe macho zaidi pale nguvu zinapoanza kurudi wakati moyo bado mzito, maana aliyekuwa hawezi hata kuinuka sasa anaweza. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu au kutulia ghafla bila sababu, rudini hospitali siku hiyohiyo. Vidonge viendelee kukaa kwa wifi hata akionekana mzima, na siku ukirudi Tanga hakikisha tarehe ya kliniki inayofuata iko kwenye simu za watu wawili.